Msimamizi Mkuu wa Moshi

Jumatatu, 3 Desemba 1973. Waa.

Naomba radhi kwa mwandiko. Si homa, ni habari. Jirani yangu Mwero amerudi kutoka Nairobi, na pamoja na salamu amenibebea ujumbe wa mwanangu Chengo: atashuka na mkewe kwa sikukuu ya Jamhuri, na watakaporejea, watarejea nami. Moja kwa moja! Asema tangu marehemu mama yake alipotutoka ninakaa peke yangu kama taa iliyosahauliwa kuzimwa, na nikianguka kisimani nani atajua?

Nilimwuliza Mwero flati ya Chengo ikoje. Akasema nzuri mno, ghorofa ya tatu. Nikamwuliza mtu hutokaje nje kuota jua. Akasema hatoki. Jua huja lenyewe dirishani, asubuhi, kidogo.

Sitaki kwenda. Ninaliandika hapa kwa kuwa siwezi kulitamka. Mwana akikuambia kwa heshima, baba, njoo nikutunze, utamjibu nini kwa heshima? Kukataa ni ufidhuli. Nimelelewa misheni. Ufidhuli siuwezi.

Nimewaza kutwa nzima. Njia ni moja. Chengo aje anikute ninahitajika. Aone kwamba Waa haiwezi kuniachilia. Hapo ataniacha mwenyewe, nami sitakuwa nimekataa neno. Hila safi! Wala sidhani kuwa ni dhambi.

Taabu ni hii: sihitajiki. Katika Kamati ya Sherehe nilikuwa msimamizi wa mtungi wa maji ya kunywa. Juzi shule imetiwa mfereji.

Jumanne, 4 Desemba.

Baraza kwa Chifu Boga. Habari kubwa. Hoteli moja ya Diani imeleta Mjerumani, Bwana Volker, mwenye mtambo wa kurusha mwanga unaoitwa leza. Mwanga huo huchezeshwa kwa muziki, ukaandika maumbo ukutani. Meneja wa hoteli ameridhia uletwe uwanja wa shule yetu jioni ya Jamhuri, iwe zawadi ya miaka kumi ya uhuru. Bwana DC atakuwapo. Pakahitajika mtu wa kumsaidia Mjerumani.

Niliinua mkono kabla Chifu hajamaliza sentensi. Nilimwomba radhi kwa kumkatiza, lakini sikuushusha.

Mwinyihaji akacheka. Huyu ni kiongozi wa kundi la sengenya, ngoma ya Wadigo, hirimu yangu, na amenisumbua tangu tukiwa na meno yote. Akaniuliza, Kahaso, wewe na taa mmejuana lini? Nikajibu kwa upole kwamba ujanani niliiendesha taa ya misheni ya kurushia picha ukutani. Akawageukia watu akawaambia ni kweli, yeye alikuwapo siku nilipomchoma Nabii Yona pamoja na samaki wake, na kanisa zima likatokea madirishani. Kicheko! Nililiomba baraza radhi kwa ajili ya Yona. Hata hivyo hakuna mwingine aliyejitokeza. Nimepata kazi. Nimeshusha pumzi.

Alhamisi, 6 Desemba.

Nimekwenda Diani, nimevaa koti. Mtambo wenyewe ni sanduku jembamba refu, mfano wa jeneza la paka. Bwana Volker akabonyeza, na upande wa pili wa ukumbi kikatokea kitone chekundu, kidogo kama punje ya pilipili, kimetulia juu ya ukuta. Umbali wote ule na hakikupanuka! Taa ya misheni ilipanuka hata ikawaangazia waliosinzia.

Kisha akanionyesha siri yake. Vioo vidogo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, amevigandisha juu ya ngozi ya mpira, na mpira ameuwamba juu ya kipaza sauti. Muziki ukipigwa, mpira hutikisika, kioo hutikisika, na kitone hukimbia ukutani kwa kasi hata jicho likaona mstari: duara, samaki, ua, kisha kitu kama hesabu ya mtu mwenye haraka. Nilipiga makofi. Akanionya nisiutazame mwale ndani ya tundu lake. Nilikuwa nimekwisha kuinamisha macho kwa adabu tu.

Ila ana huzuni. Kitone huonekana, lakini mwale wenyewe hauonekani. Hewa ikiwa safi hupita kama malaika. Ili watu wauone umesimama hewani, pawe na moshi, na kifaa chake cha moshi kimeharibika. Nilimkuta amewapanga wahudumu wa hoteli mstari mmoja wavute sigara wapulize juu. Mmoja alikuwa amekwisha kukaa chini.

Nikamwambia, Bwana, kwetu moshi haujapata kuwa shida. Akaniangalia. Nikaongeza kwamba nimepika mwenyewe tangu nifiwe. Akanishika mkono akaniteua papo hapo kuwa Msimamizi wa Moshi. Nilimwomba radhi kwa jasho la kiganja.

Cheo! Kabla Chengo hajafika!

Ijumaa, 7 Desemba.

Jaribio la kwanza, uani mwa hoteli, kwa makumbi ya nazi. Haikuwa siku njema. Kumbi lilikuwa na unyevu. Moshi ulitoka mweusi, ukainama badala ya kupanda, ukaingia jikoni, ukatokea upande wa bwawa la kuogelea. Wageni walitoka majini wakikimbia. Bibi mmoja alikuwa ameanika mavazi meupe. Nilimwomba radhi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa mikono.

Nilidhani nimefukuzwa. La! Bwana Volker alikuja na masizi usoni, anatabasamu. Asema kwa kitambo kidogo, kabla ya kukohoa, aliuona mwale wake umesimama hewani kama fimbo ya chuma iliyotoka motoni. Anachotaka ni moshi mweupe, mwepesi, usio na pupa.

Njiani nilipata jibu. Nilisimama barabarani hata mwenye baiskeli akanitukana. Nilimwomba radhi. Ubani! Mweupe, mpole, wenye harufu ya heshima. Haruni mwenyewe alifukiza mbele za Bwana asubuhi na jioni. Ni moshi wenye Maandiko.

Jumamosi, 8 Desemba.

Nimenunua ubani Ukunda, mfuko mzima. Mwenye duka aliniuliza ni harusi au ni hitima. Nikasema ni Jamhuri. Akanipimia pole pole, macho yakiwa kwangu.

Nimeazima vyetezo kwa majirani. Bi Mwanafatuma alinipa viwili vyake akaniuliza nani mgonjwa. Nikasema hakuna mgonjwa. Akasema, basi atapatikana.

Alasiri nilifika kwa Mwinyihaji na hila ya pili. Nimeona kwamba watu wakiisikia sengenya kwanza, mwanga wangu utakuwa chai baada ya pilau. Basi nikampendekezea kwa unyenyekevu kwamba vioo vya Mjerumani vigandishwe kwenye ngozi ya ngoma yake badala ya kipaza sauti. Apige ngoma, na mwanga ucheze. Kwa njia hiyo ngoma yake itakuwa mtumishi wa mwanga wangu. Hili la mwisho sikumwambia.

Alikubali upesi kupita kiasi. Nadhani yeye anaona mwanga ndio utakuwa mtumishi wa ngoma.

Alipouona mfuko wa ubani akaacha kucheka. Akaniuliza, Kahaso, kiza, ubani, ngoma, na nyekundu juu yake, na wanawake wa Waa wote wamekaa mbele. Wajua unamwita nani? Nikamjibu kwamba misheni tulifundishwa nuru husafirije, hatukufundishwa mashetani. Akasema vyema, niwaite. Ila wakija niwakaribishe mimi, mikono yake yeye itakuwa ngomani.

Wivu. Nimemsamehe.

Jumapili, 9 Desemba.

Wamefika. Chengo amenenepa, amevaa kola pana kama masikio ya tembo, anaendesha gari la Pijo. Mkewe Mwanatumu, mzaliwa wa kijiji cha Bodo huku huku pwani, aliniamkia shikamoo akiwa amepiga goti hasa, kama tulivyozoea zamani. Nilimwitikia marahaba nikaona macho kuuma.

Chengo hakukaa. Alipima kitanda changu kwa kamba akatangaza kuwa hakitapita ngazini, kitabaki. Kuku wangu amekwisha kumwahidi Mwero. Koti langu zito lichukuliwe, Nairobi ni baridi. Nikamwuliza nitalala wapi huko. Mwanatumu akajibu, taratibu, akikoroga chai isiyo na sukari: Baba atalala sebuleni, penye redio, penye mlango wa jikoni, penye njia ya chooni. Sikutambua kama ni habari njema au maombolezo. Chengo akasema nafasi ni tele. Mkewe akaendelea kukoroga.

Nikaona ndiyo saa. Nikawaeleza kwamba kwa sasa ni vigumu kuondoka, mimi ni Msimamizi wa Moshi. Nilivuta kifua kidogo. Chengo akacheka hata akashika meza. Baba, akasema, moshi hauhitaji msimamizi, moshi hupanda wenyewe.

Mwanatumu hakucheka. Aliniuliza moshi wa nini. Nikamwambia wa ubani. Akauliza na ngoma itakuwako? Nikasema ngoma ya Mwinyihaji. Akaniambia, Hongera, Baba. Mtoto ana adabu.

Jumanne, 11 Desemba.

Majaribio, uwanja wa shule. Gundi ya Bwana Volker imekwisha. Akakaa juu ya sanduku lake, kichwa mikononi. Nikaenda kwa mfenesi wa jirani nikarudi na ulimbo, ule wa kunasia ndege. Tukagandisha vioo juu ya ngozi ya ngoma. Mwinyihaji alilalamika kwamba ngoma ya babu yake inanuka fenesi. Kisha akaigonga kwa vidole, mara moja tu, na kule ukutani pa shule kitone kikaruka kama panzi. Akagonga tena. Akasahau kulalamika. Akapiga mpigo wa sengenya hasa, na ukutani likachanua jambo ambalo sijui kuliandika: waridi lenye kupumua. Mjerumani akatamka neno la kwao huku anafuta pua. Nimelihesabu kuwa sifa.

Nimefarijika mno. Ila Chengo hakuona. Alikuwa Ukunda, anaziba gurudumu kwa ajili ya safari. Kesho ndiyo kesho. Asiponiona kesho, kesho kutwa ninavuka feri kuelekea Nairobi na koti zito.

Alhamisi, 13 Desemba.

Jana sikuweza kuandika. Nguo zote zanuka ubani, hata kurasa hizi. Naomba radhi kwa kurasa.

Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya hotuba na baada ya isha, taa zilizimwa. Bwana DC kiti cha katikati, Chifu kando yake, wanaume kulia, wanawake kushoto na mbele, leso kwa leso. Nilipita na vyetezo vyangu nikiwa nimevaa koti, ninavipanga upande wa upepo. Upepo mwanana! Moshi ukatandaza shuka jeupe juu ya vichwa. Bwana Volker akafungua mtambo.

Mungu wangu! Mwale ulisimama. Fimbo nyekundu, nyembamba, nyoofu, kutoka meza yake hata ngoma, na kutoka ngoma hata ukuta wa shule. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Mwinyihaji akapiga, fimbo ikagawanyika ikawa pazia, pazia likawa mawimbi, ukutani waridi likafunguka na kufumba. Mtu mmoja mzima aliinua bakora ili aiguse. Nami nikamwona Chengo. Amesimama juu ya kiti, kinywa wazi. Nilimsikia anamwambia mtu asiyemjua: huyo mwenye vyetezo ni babangu.

Ningeweza kufa pale pale, ila ningehitaji kuomba radhi.

Hapo Mwinyihaji akaharakisha mpigo. Bi Mwanafatuma ndiye wa kwanza. Mabega yakaanza kutikisika, kichwa kikafuata, akaguta. Pepo wake amempanda. Kisha jirani yake. Kisha upande wote wa wanawake ukawa shamba la mahindi lenye upepo. Mke wa Chifu akaanza kunena kwa sauti ya kiume, anataka marashi na kilemba. Bibi mwingine, ambaye pepo wake ni Mzungu, akamwendea Bwana DC akamtaka soda na biskuti katika sahani nyeupe, upesi, na asiangaliwe usoni. Bwana DC akampa zake. Ni mtu muungwana.

Bwana Volker alidhani wanacheza. Akafurahi, akaongeza kioo kinachozunguka. Miale ikawa mia! Nikakimbia kuvizima vyetezo. Kwa hofu nikavipepea kwa koti. Moshi ukazidi. Naomba radhi. Nikapepea zaidi.

Ndipo akainuka Mwanatumu.

Mkwe wangu, mtoto wa shikamoo! Leso mabegani, macho yamefumba, mwale umempita juu ya paji la uso. Akapiga mguu chini, akamwita mumewe kwa jina lake tupu, kwa sauti nzito ambayo sijapata kuisikia kwake wala kwa mwanamke yeyote. Chengo akashuka kitini. Pepo akasema anataka jozi mbili za leso, mpya, za rangi nyekundu. Anataka marashi. Na anataka mzee wa moshi asivuke feri. Abaki kwake, alale kitanda chake, ale kuku wake. Akivukishwa, nyumba ile ya ghorofa haitakalika.

Ngoma ikanyamaza. Kila mtu wa pwani ajua desturi: pepo akitaja haja yake mbele ya watu, hapana kujadiliana. Hutolewa au mgonjwa huumia, na lawama ni ya mume. Chengo amesoma, ni mtu wa bima. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakupata bima.

Mwinyihaji akainua mikono ngomani akamwuliza, Mwana wa Kahaso, umesikia, au tupige tena?

Chengo akasema amesikia. Akaambiwa aseme kwa kauli kamili. Akasema Baba atabaki Waa. Na marashi? Na marashi pia.

Pepo alishuka pale pale. Mwinyihaji asema katika umri wake hajapata kuona pepo ashuke kwa haraka namna ile, tena akikung'uta vumbi kwenye leso. Bwana Volker akazima mtambo, wote wakapiga makofi. Bwana DC alimwambia Chifu kwamba hajaona sherehe kama hii, na kwamba mwaka ujao apendelea mpira.

Mimi nilikaa chini katikati ya moshi wangu. Sivuki feri! Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikamwomba radhi kwa njia aliyolazimika kuitumia.

Ijumaa, 14 Desemba.

Wameondoka. Alfajiri Mwanatumu aliniletea chai, yenye sukari. Akanishika mikono akaniomba msamaha kama alisema lolote lisilo adabu, yeye hakumbuki hata neno. Nikamwambia, mwanangu, hukukosa. Akauliza kama kuna ubani uliosalia, angependa kuubeba Nairobi kidogo. Nikampa wote. Aliufunga vizuri katika pindo la leso mpya. Nadhani harufu itamkumbusha mimi.

Chengo alipakia mizigo garini. Akasema labda ni bora nikae huku, atakuwa anashuka mara kwa mara. Nilimpiga bega. Nilimwambia ninafahamu, asione haya: ameona kwa macho yake kwamba bila mimi mwale wenyewe usingeonekana. Akasema, ndiyo, Baba, ndivyo.

Mwinyihaji yuasema niliokolewa na pepo. Nimemsikiliza kwa heshima. Si kweli. Pepo ni tukio la kusikitisha lililotokea pembeni. Kilichomgeuza mwanangu ni ufundi.

Jumapili, 16 Desemba.

Baada ya ibada Kasisi aliniita kando. Kwa upole mwingi aliniomba kwamba Krismasi hii nipumzike, nisisimamie chochote. Nimeelewa. Ananionea huruma kwa kazi niliyokwisha kuifanya. Nimemwambia asijali.

Jioni nimeonana na Bwana Volker. Bado yupo Diani hadi mwaka mpya, na amekubali kwa mikono miwili. Nyota ya Bethlehemu! Itoke mlangoni pa kanisa, ipite juu ya vichwa vyote, itue juu ya hori. Kinanda cha kanisa ni kibovu, basi Mwinyihaji ataleta ngoma. Alipoulizwa alicheka hata akakaa chini, lakini amekubali. Ukumbi wa kanisa una paa na madirisha madogo. Mara hii moshi hautapotea nje.

Kesho ninakwenda Ukunda kununua ubani, mifuko miwili. Akina mama wote nimewapangia viti vya mbele kabisa, pamoja na mke wa Askofu atakayekuwa mgeni wetu, ili asiwepo hata mmoja atakayekosa.